Dizeli Yuko Wapi?

Bi Verna Hodge hakuwa mtu wa kupeleka keki nyumba za watu ovyo. Ukimwona barazani kwako na sahani, ujue kuna jambo, na sahani ikiwa na keki ya krimu iliyomwagiwa pasheni juu, ujue jambo lenyewe zito. Asubuhi hiyo ya Desemba, nzi wamejaa kwenye wavu wa mlango na bati la nyumba limeshaanza kulia kwa joto, Noelene alitoka jikoni akamkuta amesimama pale na keki ya krimu na pasheni.

"Ingia ndani, Mama Verna, kabla nzi hawajaimaliza."

"Sikai, mwanangu. Nina kamati," alisema Verna, akavuta kiti, akakaa.

Kamati ya mji wao wa Wirrabilla ilikuwa Verna, na Verna ndiye kamati. Yeye ndiye mwenye funguo za ukumbi wa mji, yeye huchagua filamu ya katuni wanayoonyeshwa watoto kila Krismasi, na yeye husema nani ataoka nini. Kikosi cha zimamoto cha kujitolea kina mkuu wake, lakini gari la zimamoto linapombeba Baba Krismasi kuja kugawa zawadi baada ya filamu, hata huyo mkuu humwuliza Verna apite barabara ipi.

"Nimekuja kwa ajili ya Tamsin."

Noelene alilishika birika kwa mikono miwili. Tangu mwezi wa nane jina la binti yake likitajwa ghafla humpiga moyoni, maana alikuwa na lake rohoni. "Amefanya nini?"

"Amemwambia mjukuu wangu Pippa kwamba Baba Krismasi ni mzee Merv. Mtoto ana miaka sita, Noelene! Kalia mpaka katapika. Eti Baba Krismasi gani huyo ana vidole tisa! Eti ananuka mafuta ya kondoo!"

Noelene alitaka kucheka, akajibana. Ni kweli mzee Merv alikatwa kidole na mashine ya kunyolea kondoo enzi za ujana wake, na ni kweli ndiye anayevaa mavazi mekundu tangu Noelene mwenyewe akiwa binti mdogo. Miaka yote hiyo hakuna aliyehesabu vidole. Mtu akiwapa watoto wako zawadi, unamwangalia usoni, unashukuru, unakwenda zako. Ila Tamsin. Tamsin yule ukimpa pipi anaigeuza kwanza aone nyuma yake kuna nini.

"Nitazungumza naye."

"Usizungumze tu, mfunge mdomo. Siku ya filamu watakuja watoto wa wilaya nzima. Asimame mle ukumbini amwage mtama, Krismasi ya mji imekwisha. Kuna wazazi wameniambia heri abaki nyumbani."

"Wazazi gani?"

"Wazazi," alijibu Verna, akiitazama keki.

Noelene aliweka kikombe chini. Mtoto wa miaka tisa apigwe marufuku kwenye katuni, kama mlevi anavyofukuzwa baa! Angekuwa mtu mwingine angemjibu. Lakini mbele ya Verna hakuwa na mdomo, na Verna alilijua hilo. Mbwa wao, Dizeli, ndiye aliyeruka ua mwezi wa nane akaingia kwenye kondoo wa Verna wenye mimba na kuwararua. Garth, mume wake Noelene, alipokwenda kulipa, Verna alikataa hata senti. Alisema kati ya majirani hakuna malipo. Bora angepokea! Tangu siku ile wakikutana dukani Noelene humpisha kwenye foleni bila kuombwa, na Verna hupita.

"Sasa sikiliza. Merv nyonga imemshinda, gari la zimamoto halipandi tena. Kamati imeamua mavazi avae Garth. Binti yako akimtambua, hatathubutu kusema. Mtoto gani atamwumbua baba yake mbele za watu?"

"Na asipomtambua?"

"Ataamini. Huku tumepona na huku tumepona." Verna aliinuka, akakung'uta sketi ambayo haikuwa na kitu. Mlangoni aligeuka. "Bado hujamwambia, eh? Habari za yule mbwa?"

"Bado."

"Mm. Vizuri."

Ile "mm" Noelene hakuipenda. Alimtazama bibi yule akivuka ua kwa haraka kuliko umri wake, akawaza: huyu ana kitu amekimeza.

*

Wirrabilla hakuna asiyejua mbwa akishaonja kondoo hana dawa. Hapelekwi kwa daktari, hafungwi mnyororo. Mwenye mbwa anachukua bunduki yake siku hiyo hiyo na kuimaliza kazi kwa mkono wake mwenyewe, si jirani, si polisi. Garth alimpakia Dizeli kwenye pikapu wakati Tamsin yuko shule, akaenda naye hadi ua wa mpakani. Akarudi peke yake, akanawa mikono muda mrefu, akalala na viatu.

Noelene ndiye aliyempokea mtoto barabarani basi la shule lilipomshusha. Alikuwa ameupanga ukweli vizuri tu kichwani. Lakini Tamsin aliteremka akipiga mluzi wa kumwita mbwa, na ukweli ukamyeyuka Noelene mdomoni. "Dizeli amepata kazi," alisema. "Amechukuliwa shamba kubwa la ng'ombe, kaskazini huko."

"Na nani?"

"Bwana mmoja. Anaitwa Kelvin."

Basi Kelvin akazaliwa pale barabarani kwenye vumbi, na tangu hapo hakuacha kukua. Akawa na simu. Akawa na mke mwenye maumivu ya jino. Akawa na mto uliofurika ukamzuia kusafiri, ndiyo maana Tamsin hawezi kwenda kumtembelea mbwa wake. Noelene alishangaa jinsi uongo ulivyomtoka kwa ufasaha; shuleni hakuwahi kuandika insha ikapita.

"Mwambie ukweli," Garth alikuwa akisema.

"Mwambie wewe. Wewe ndiye uliyefanya."

"Wewe ndiye uliyemleta huyo Kelvin."

Wote wawili wakafyata ulimi, miezi ikapita. Tamsin aliuliza kwa furaha, Noelene akajibu kwa furaha, na mambo yalikwenda. Lakini kuanzia mwanzoni mwa Desemba maswali yalibadilika. Hayakuwa mengi zaidi. Yalikuwa membamba zaidi.

Jioni ya siku ile ya keki walikuwa mezani, nyama baridi na viazi, feni ikizungusha joto lile lile.

"Mama, Kelvin amepiga simu?"

"Alipiga juzi."

"Simu ya hapa nyumbani au ya mkononi?"

"Ya hapa."

"Juzi ulisema simu ya nyumbani imekufa."

"Ilipona mchana." Noelene alimtilia viazi ambavyo hakuviomba. "Dizeli hajambo. Anazunguka na Kelvin shamba zima, amekaa nyuma ya pikapu, ulimi nje."

Tamsin aliweka uma chini. "Nyuma?"

"Ndiyo, nyuma. Wanakaa wapi mbwa wa kazi?"

"Dizeli anaogopa kukaa nyuma. Analia mpaka wamweke mbele."

Garth aliacha kutafuna. Noelene aliinua macho akaitazama feni. Mtoto alimtazama, akasubiri, akasubiri tena, kisha akasema polepole, "Labda amezoea."

"Ee! Amezoea," Noelene alidaka.

"Haya," alisema Tamsin, akaendelea kula.

Noelene hakula tena. Mtoto amemrushia kamba, naye ameidaka kama mtu anayezama. Lakini kwa nini amerusha? Anajua? Anajuaje? Nani amemwambia? Alimwangalia binti yake akikata nyama vipande vidogo sawasawa, uso mkavu, na kwa mara ya kwanza akamwogopa mtoto aliyemzaa mwenyewe.

Alipoondoa sahani alisema, "Na nimeambiwa maneno ya Merv. Siku ya filamu sitaki kusikia sauti yako."

"Sitasema uongo, Mama."

"Nani kakwambia useme uongo? Nimekwambia unyamaze."

"Kuna tofauti?"

"Tamsin!"

"Nauliza tu."

*

Mavazi ya Merv yalimwenea Garth mabegani, tumboni ikabidi atie mto. Walikuwa kwenye banda la kunyolea kondoo, mlango umefungwa, mtoto kapelekwa kuokota mayai. Viatu vyeusi vya Baba Krismasi ndivyo vilivyogoma. Merv ana mguu mdogo kama wa mwanamke, na Garth mguu wake jahazi zima.

"Vaa vyako vya kazi," Noelene alisema. "Nani ataangalia miguu?"

"Mtoto wako ameangalia vidole."

"Ndiyo maana utaacha mikono wazi, wakuone vyote kumi." Alimrekebisha ndevu za pamba. Macho yake Garth juu ya ile pamba yalikuwa yamechoka. "Garth, nakwambia anajua kitu. Ananitega. Kila neno nikisema analipima."

"Kama anajua, si bora? Tuketi naye leo."

"Kabla ya Krismasi? Unataka akikumbuka Krismasi akumbuke risasi?"

Garth alivuta ndevu chini, akajipangusa jasho. "Mimi kila nikimwona naikumbuka. Ananiambia 'Baba, Dizeli atanisahau?' Mara ya mwisho nilimwambia nina haraka, nikaenda kukaa nyuma ya tangi la maji bila kazi yoyote. Mtu mzima!" Alicheka, si kwa furaha. "Sasa nivae mavazi haya nimpe zawadi. Watu wa kamati wananipenda kweli."

"Ni dakika chache tu. Mpe boksi lake, sema ho-ho, ashuke."

*

Ukumbini madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi ili picha ionekane mchana, na mashine ya kupoza hewa ilikuwa ikitoa kelele nyingi na ubaridi kidogo. Watoto walikuja na fulana na ndala, wengine miguu mitupu. Verna alisimama mlangoni akigawa barafu za maji ya matunda, akiwapangia watu pa kukaa. Wengine aliwaelekeza mbele. Alipofika Noelene na Tamsin, sauti ilishuka ikawa tamu.

"Nyinyi kaeni hapa nyuma, karibu na mlango. Mtapata hewa."

Wanawake wawili wa mstari wa mbele yao waligeuka, wakatabasamu, wakarudisha shingo. Hewa! Noelene aliketi, masikio yakimwaka. Tamsin alipokea barafu yake, akasema asante, na Pippa mjukuu wa Verna alipomwona alijificha nyuma ya sketi ya bibi yake.

Filamu ilikuwa ya nchi za theluji, kama zote. Binti wa mlinzi wa mnara wa taa hamwamini tena mzee wa zawadi, maana baba yake amekwenda baharini na kila mtu anamwambia atarudi kesho, na kesho haifiki. Basi anafunga safari juu ya barafu na mtoto wa kulungu mwoga asiyetaka kuruka. Theluji ilianguka mpaka mtoto mmoja wa Wirrabilla akauliza kwa sauti kama inauma, na ukumbi mzima ukacheka. Kulungu akateleza, wakacheka tena. Hata Noelene alianza kusahau.

Ndipo binti yule wa katuni akafika kwa mzee, akamkuta anashona kiatu. Mzee akamwonyesha vitu vyote vya ajabu, taa zinazoimba, farasi wa sukari. Binti hakuvitaka. Aliuliza swali moja tu, baba yangu yuko wapi. Mzee akaweka sindano chini. "Katika zawadi mimi hukosea mara nyingi," alisema. "Lakini mtoto akiniuliza, namjibu yaliyo kweli. Ndiyo kazi yangu, mengine ni mapambo."

Noelene akasikia shavu lake likiwaka upande mmoja, akageuka. Tamsin hakuwa akiangalia picha. Alikuwa akimwangalia yeye, na inaonekana kwa muda mrefu.

"Mama, hiyo ni kweli?"

"Ni katuni, mwanangu."

"Najua ni katuni. Nimeuliza kama ni kweli."

"Tazama filamu," Noelene alinong'ona. Hakuona tena kilichofuata. Nani amechagua filamu hii? Verna. Verna anataka nini? Halafu akajicheka mwenyewe, akajionea aibu, kisha akarudi kushuku vile vile.

*

King'ora kililia, watoto wakaruka kama panzi. Wakamiminika nje kwenye jua, wakirukaruka kwa kuunguzwa na changarawe, na gari jekundu la zimamoto likaja taratibu likimwaga maji pembeni kupoza vumbi. Juu yake, Baba Krismasi. Mto tumboni ulikuwa umekwenda kombo na pamba ya ndevu imeloa, lakini alipunga mkono na watoto wakapiga kelele mpaka kunguru wakahama mitini.

Zawadi zilikuwa zimeletwa na wazazi kwa siri kwenye banda la zimamoto, kila moja na jina lake. Baba Krismasi aliita jina, mtoto akapanda ngazi ya nyuma ya gari, akanong'ona alilo nalo, akapewa boksi, akashuka. Mambo yalikwenda vizuri. Verna alikuja kusimama bega kwa bega na Noelene, kama askari na mfungwa.

"Tamsin!"

Mtoto alipanda ngazi bila haraka. Hakumwangalia Baba Krismasi usoni. Aliangalia chini, kwenye sakafu ya gari, akakaa hivyo kitambo. Kisha akamkaribia, akaweka mkono sikioni kwa yule mzee wa pamba, akasema kitu.

Lilikuwa swali fupi, Noelene aliliona kwa midomo ilivyofunguka na kufungika. Baba Krismasi alinyanyua kichwa akamtafuta mtu kwenye umati. Akampata Noelene. Macho yale! Noelene alitikisa kichwa: hapana, Garth, si hapa, mpe boksi lake. Aliomba kimoyomoyo king'ora kilie tena, moto utokee mahali, lolote lile.

Garth aliinama. Akasema. Maneno machache, kisha mengi kidogo, midomo ikiwa ndani ya pamba hata usiione. Mtoto hakusogea. Akauliza tena. Akajibiwa tena. Foleni ikaanza kunung'unika, mama mmoja akasema jamani wengine jua linatuua.

"Anamwambia nini?" Verna aliuliza kwa wasiwasi. "Noelene, anamwambia nini?"

Noelene hakuondoa macho kwenye ngazi.

Tamsin alinyoosha mkono. Umati mzima ukanyoosha shingo. Walidhani atazing'oa zile ndevu, na Verna alimfinya Noelene mkono kwa kucha. Lakini mtoto alizishika ndevu zilizokuwa zimeshuka kwa jasho, akazipandisha, akazikaza vizuri nyuma ya masikio. Akachukua boksi lake, akashuka.

Chini ya ngazi alikuwa amesimama Pippa, jina lake ndilo linalofuata, miguu imemganda. "Ni mzee Merv?" aliuliza, na kitoto kile sauti yake kali, kila mtu alisikia.

"Si Merv," alisema Tamsin. "Hesabu vidole."

Pippa alihesabu, kidole kwa kidole, midomo ikitembea. "Kumi!" Halafu, kwa woga, "Basi ni yeye kweli?"

Tamsin hakujibu upesi. Noelene aliona jinsi alivyolipima hata hilo.

"Ni yeye kweli," alisema. "Nimemwuliza kitu ambacho wote wananidanganya. Yeye amenijibu."

Umati ulipumua. Watu wakacheka, wengine wakafuta macho, mkuu wa zimamoto akapiga honi. "Ee Mungu asante," alisema Verna, akimwachia Noelene mkono. "Umeona? Umeona? Nilisema ataamini!"

"Ni habari za Dizeli?" Pippa alidakia, shangwe zimemrudia. "Mimi si nilikwambia! Nilikwambia baba yako alimpiga risasi, ukasema mimi mwongo, ndiyo ukasema mambo ya Merv! Mimi si mwongo! Bibi ndiye alisema!"

"Pippa! Panda ngazi!" Verna alibadilika rangi.

Noelene alimgeukia polepole. Kumbe ndiyo ile "mm". Kumbe keki ile ilikuja na nusu ya habari tu. Nusu ya pili ilibaki nyumbani kwa Verna imefunikwa na sahani.

"Mtoto alinisikia tu nikizungumza kwenye simu," Verna alisema haraka. "Sikukusudia, Noelene. Nilitaka kukwambia."

"Ulikuja kwangu ukakaa kwenye kiti changu ukaniambia nimfunge mdomo mwanangu."

"Noelene, watu wanatazama."

"Watazame." Alishangaa sauti ilivyomtoka, shwari. Alikuwa na mengi ya kumwambia bibi yule, ya kondoo na ya foleni na ya hewa ya mlangoni. Lakini yalimwishia. Mawazo yake yalikuwa yamekwenda kwingine. Mtoto alijua tangu kabla ya keki. Jioni ile ya viazi alikuwa anajua. Kila alipouliza kama Kelvin amepiga simu, alikuwa anajua, na aliuliza tena kesho yake, na kesho yake.

*

Tamsin alikuwa ameshakaa ndani ya pikapu, boksi mapajani, halijafunguliwa. Noelene aliingia, akashika usukani uliokuwa moto, akauachia. Nje watoto walikuwa wakirushiana maji ya gari la zimamoto.

"Mama," Tamsin alisema akiangalia mbele. "Kelvin amepiga simu leo?"

Noelene alifungua mdomo, na kweli, Mungu amsamehe, Kelvin alikuwa tayari pale kwenye ncha ya ulimi, na habari mpya. Akamwangalia mtoto. Uso ule mkavu ulikuwa umekaza kidevu kisitetemeke.

"Hakuna Kelvin," alisema. "Hajawahi kuwapo. Nilimtunga mimi."

"Na mke wake?"

"Na mke wake. Na mto."

Tamsin alitikisa kichwa kukubali, kama mtu anayepokea chenji yake. "Nilikuuliza mara nyingi."

"Najua, mwanangu. Sasa najua."

"Baba alijibu mara moja."

"Ba..." Noelene alijikwaa. "Ulimjua?"

"Viatu, Mama. Amevifunga kwa ile kamba ya kufungia majani makavu ya mifugo, ya rangi ya machungwa. Anafunga hivyo siku zote." Alivuta pumzi. "Nilidhani hataniambia. Nilidhani atasema ho-ho."

"Mbona ukamwambia Pippa ni yeye kweli?"

"Pippa ana miaka sita," alisema Tamsin, kana kwamba swali lenyewe ni la kijinga. "Halafu sikudanganya. Nimesema amenijibu."

Nzi mmoja alitembea kwenye kioo. Noelene alitaka kumshika mkono akaogopa kwamba atauvuta.

"Nilimwuliza la pili," mtoto alisema, na sasa sauti ilianza kupasuka. "Nilimwuliza kama Dizeli alilia, nyuma kule. Akasema hakumweka nyuma. Akasema alimweka hapa mbele, kiti hiki, kichwa mapajani kwake, mpaka kwenye ua." Akaweka kiganja kwenye kitambaa cha kiti, pale pembeni yake, na machozi yakamtoka mengi, ya mtoto kabisa, na kamasi. "Ni kweli, Mama? Alikaa mbele?"

Noelene alitaka kusema ndiyo. Ilikuwa rahisi sana, na huenda ilikuwa kweli, na mtoto analia.

"Sijui," alisema. "Sikuwapo. Baba yako alinitaka niende naye, nikakataa. Nilikaa ndani nikafunga madirisha yote nisisikie. Nilipika keki ambayo hakuna aliyekula."

Tamsin aligeuka akamwangalia. Yalikuwa macho yale yale ya Desemba nzima, yanayogeuza kila kitu kuona nyuma yake, na Noelene aliyaacha yamtazame, hakukimbilia viazi wala feni. Mtoto alitazama mpaka akatosheka. Akajipangusa pua kwa mkono, akavuta mkanda wa kiti, akajifunga.

"Haya," alisema. "Nakuamini."